Bi Enhe Ajifunza Kuaga

Kacha! Ndivyo komeo la mlango lilivyolia kila alfajiri Bi Enhe alipokuwa mtoto wa miaka minne. Mama yake, muuguzi, alikuwa akitoka kwa kunyata, viatu mkononi, kwa sababu shangazi alishasema, "Ukimuaga atalia." Basi mtoto hakuagwa. Akajifunza kulala jicho moja wazi, na hata hivyo kila siku alizinduka akiwa amechelewa kwa kacha moja.

Alikua, akawa msusi. Kwa miaka kumi na mitano alisikiliza visogo. Ndoa, wakwe, majirani, yote yalipita vidoleni mwake, naye akiitikia, "Enhe… enhe," hadi wakambandika jina: Bi Enhe. Alipovuka arobaini alifunga saluni, akaenda kusomea tiba ya nafsi, ile ya mkondo wa Jung, yule daktari Mswisi, inayosikiliza ndoto na kuamini kwamba jeraha alilolipata mtu utotoni mikononi mwa watu hupona mikononi mwa watu.

"Miaka sita!" shangazi alishangaa. "Kusomea kusema enhe? Si ulikuwa unajua tayari?"

Kumbe hakujua. Sharti la kwanza lilikuwa yeye mwenyewe akae kwenye kiti cha mgonjwa, wiki hadi wiki, asimulie ndoto zake na komeo lake. Sharti la pili, kila anayemtibu amjadili na msimamizi wake, binti mdogo kuliko kitindamimba wa kwao, mwenye ulimi wa wembe na moyo wa pamba; hata habari za mama na viatu vyake alishamsimulia.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa fundi bomba, pande la mtu, aliyelelewa kwa zamu na ndugu watano, kila mmoja akimhamishia kwa mwenzake bila maelezo. Alichagua kiti cha karibu na mlango, akatania mwanzo mwisho, akaondoka dakika kumi kabla ya wakati. Miezi minne ya mzaha mtupu! Kisha siku moja akaleta ndoto: nyumba tupu, bomba linamwaga maji, hakuna wa kulifunga. Akalia kidogo, akasingizia vumbi.

Wiki iliyofuata Bi Enhe alikuwa na mtihani. Alijua tangu mapema, lakini hakumwambia, akiona atamvuruga. Alimwachia karani wa mapokezi apige simu kuahirisha kikao. Fundi hakurudi. Wiki ya kwanza, ya pili. Kile kiti cha karibu na mlango kikabaki kinamtazama.

"Atakuwa na kazi nyingi," alimwambia msimamizi.

"Enhe."

"Nilichelea ataumia."

"Kwa hiyo ukabeba viatu mkononi."

Bi Enhe alicheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Mama hakuwa mbaya. Naye pia, pale mlangoni, alikuwa akimwogopa mtoto. Siku hiyohiyo Bi Enhe alimpigia fundi simu mwenyewe.

Akaja. "Nimepita tu kuangalia mabomba yenu," alisema, amesimama kizingitini.

"Mabomba mazima. Mbovu ni mimi. Niliondoka bila kukuaga. Nilijua, nikanyamaza. Kosa langu."

Fundi alitafuta mzaha, akaukosa. "Mtu mzima kama wewe, unaniomba radhi mimi?"

"Wewe."

"Makubwa haya! Haijawahi kutokea." Akakivuta kiti hatua mbili kutoka mlangoni, akakaa mpaka wakati ukaisha.

Mwisho wa mwaka likizo ikafika. Safari hii Bi Enhe alimwambia wiki tatu kabla, na kila wiki fundi akauliza upya, "Tarehe ngapi vile?" kama mtoto anayelijua jibu na anataka tu kulisikia. Siku ya mwisho Bi Enhe alimsindikiza hadi mlangoni. Mkono wake ulilishika komeo, asilifunge.

"Naondoka," akamwambia, sauti ndogo, karibu ya kunong'ona. "Nitarudi Jumanne ya tarehe tano, saa nne. Utanikuta hapahapa."