Kiberiti na Wafungashaji

Ulingoni walimwita Kiberiti, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa kuwaka. Alishika ubingwa wa uzito mwepesi mpaka jicho la kushoto lilipoanza kumsumbua, daktari akamkataza ngumi. Ndipo akageukia kuongea. Shule na makampuni yakawa yanamwita akawatie watu moyo.

Kutulia alikuwa hawezi. Hata chakula alikila akizunguka meza, na mkewe, fundi cherehani, alikuwa akimwambia, "Baba, keti basi, unanipandisha presha!" Jukwaani alikwenda huku na huko na maiki mkononi, watu wakadhani ni mbinu. Wala. Miguu yake ilikuwa bado inasubiri kengele.

Asubuhi moja aliitwa kwenye kiwanda cha sabuni, ambako shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa mfungashaji. Meneja alimlaki kwa bashasha. "Bingwa, waambie tu kuanguka si mwisho. Hilo linatosha."

Akawaambia. Akasimulia alivyoangushwa raundi ya pili, akainuka, akashinda. Akajibwaga chini mzimamzima, akaruka juu. Ukumbi ukavunjika mbavu, shemeji akicheka kuliko wote.

Makofi hayajaisha, meneja akachukua maiki. "Kama bingwa alivyosema..." akaanza kwa sauti laini. Mashine mpya zinakuja. Kitengo cha ufungashaji kinafungwa.

Watu hawakumtazama meneja, walimtazama Kiberiti.

"Ulijua?" shemeji alimuuliza mlangoni.

"Haki ya Mungu, sikujua."

"Basi wamekutumia utuchome ganzi, shemeji."

Siku hiyo hakutia kitu kinywani. Alikwenda huku na huko sebuleni, ngumi zikijikunja zenyewe.

"Nirudi kule?"

"Ukafanye nini?" mkewe akasimamisha cherehani. "Umpige meneja?"

Wazo hilo lilikuwa limeshampitia.

Kesho yake alirudi. Mlinzi alimpigia saluti, lakini geti hakufungua. Kiberiti akasubiri nje, akihamisha uzito mguu hadi mguu, mpaka wafungashaji walipotoka kwa mapumziko. Hakuwa na hotuba.

"Jana kuna kitu sikuwaambia," alisema, akikwama. "Nilipoanguka, refa alimpeleka mpinzani wangu kwenye kona ya mbali. Hakuruhusiwa kunigusa nikiwa chini. Ninyi refa wenu nani?"

Mama mmoja mtu mzima akasema, "Chama cha wafanyakazi kipo. Tumelala tu."

Hawakulala tena. Wiki zilizofuata chama kilimbana meneja hadi akakubali nusu yao wafundishwe mashine mpya. Shemeji hakuwa katika nusu hiyo. Alimsalimia Kiberiti kwa ubaridi muda mrefu, naye hakumlaumu.

Habari zikasambaa, mialiko ikapungua. Simu ikiita sasa, kabla ya kukubali huuliza, "Nikishuka jukwaani, nani anapanda, na atasema nini?" Wengi hukata simu hapo hapo, naye hubaki ameishika, akitazama barabara kama mtu aliyechelewa mahali.