Nani Alifyeka Msitu Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Mau Narok, mwanangu, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mdomo mrefu kuliko akili. Kijiji chetu kilikuwa ndani ya shamba la mzungu: sisi tulimchumia maua ya pareto, naye akatuachia vipande vya kulima. Lakini tulivyoringa, we! Tulijiita wenye mashamba. Ukoo wetu ulikaa kilimani, na ukoo wa Mzee Karanja ulikaa chini mtoni, penye udongo mweusi. Udongo ule niliuonea wivu sana.

Ndipo karani wa mzungu akaja, akatukusanya. "Kati yenu, nani alikuja hapa kwanza?"

Wazee walitazamana. Mimi nikarukia, "Ni babu yangu! Hao wa mtoni wamekuja juzi tu."

Uongo mtupu, mwanangu. Babu yangu na babake Karanja walikuja pamoja, wakafyeka msitu kwa shoka moja, huyu akichoka yule anapokea. Nililijua hilo tangu utotoni. Kabla wazee hawajafungua kinywa, karani alikuwa ameshaandika na kuondoka.

Wiki iliyofuata lori lilisimama mtoni. "Wageni wote wapande!" nyapara alipiga kelele.

Mke wa Karanja alipanda na sufuria ya uji, bado unafuka moshi. Nilimkimbilia nyapara nikamwambia nilidanganya. Alicheka tu. Wambui, binti yao, rafiki yangu wa chanda na pete, aliniuliza kutoka juu, "Kwani tulikukosea nini?"

Lori likaondoka, nami nikalikimbilia mpaka likapotea vumbini.

Nyanya yangu alinikuta nimekaa chini barabarani. "Shamba si letu wala si lao," alisema. "Karani alikuwa anatafuta pa kuanzia kutufukuza, na wewe ukamwonyesha."

Baada ya mavuno lori lilirudi, likapanda kilimani kwetu. Safari hiyo hakuna aliyeuliza nani alikuja kwanza.

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza vichwa vya watu waliokuwa wakinipa uji. Kwa hivyo, mwanangu, ukiulizwa kati yako na jirani nani alitangulia, usikimbilie kujibu. Muulize huyo anayeuliza anataka kufanya nini. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nimemlea miaka yote hii, na hajawahi kulala.

Mungu akupe jirani mwema, mwanangu, na akupe ulimi wa kumtunza.