Kizibo Nilichokisugua Mwenyewe

Mke wangu alipolazwa Kisii, miaka ya sabini, nilibaki kijijini kwetu Tabaka nikichonga mawe na kuyasugua peke yangu. Kwetu mwanamume huchonga jiwe, mwanamke hulisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Mwanamume akishika msasa huchekwa, na mimi nilichekwa sana, lakini hayo tuyaache.

Alikuwa na saratani ya tumbo la uzazi, iliyoanza baada ya mimba kuharibika. Sindano zilimletea vidonda mdomoni, hata uji ukamshinda. Akaniambia, "Nirudishe nyumbani. Hii dawa itaniua kabla ya ugonjwa." Daktari naye alisema akiacha sasa, saratani itarudi.

Kaka yake alisomea kemia ng'ambo, na kazi yake Nairobi ilikuwa kufundisha chuoni na kubuni dawa za saratani. Mimi niliacha shule darasa la pili, sababu ya ng'ombe, basi alinichorea. Mwilini mna vimeng'enya, akasema, kama mafundi wadogo, na kila fundi ana shimo la kushikia kazi yake. Ukiliziba, fundi anakaa bure. Shida ni kwamba fundi wa saratani na fundi wa mwili wenye afya wanafanana kama mapacha, ila shimo la yule wa saratani lina nafasi kidogo pembeni.

"Nichongee mashimo yote mawili, shemeji, na kizibo kimoja chenye pembe. Kwa huyu wa saratani kiingie, kwa yule kikatae. Nataka kuwaonyesha wanafunzi."

Nilitumia jiwe jeupe laini, lile ambalo siku hizi wanasema limeisha. Mimi nasema wachimbaji ni wavivu. Nikalisugua vizuri, maana kumpa shemeji kitu chenye mikwaruzo ni aibu. Akajaribu kizibo shimo la kwanza, kikaingia. La pili, kikaingia.

"Shemeji, pembe iko wapi?"

"Ilikuwa inakwaruza."

Akacheka, kisha akakichomoa kizibo. "Basi umechonga dawa ya dada yangu. Inaziba kote kuwili, ndiyo maana mdomo unachubuka. Yenye pembe bado tunaitafuta."

Nikampelekea mke wangu yale mawe hospitalini. Akapapasa kizibo kwa kidole gumba.

"Nani alisugua hiki?"

"Mimi."

"Inaonekana. Hapa palikuwa na pembe, umeila yote."

Nikamweleza mambo ya mafundi, na kwamba siku za kupumzika kati ya sindano ni za kumwacha fundi wa mwili wenye afya apate nguvu tena. Akakiingiza kizibo huku, akakitoa, akakiingiza kule.

"Kumbe si sumu. Ni kazi ya fundi asiyejua kusugua."

"Lakini inaziba."

"Haya. Waite waje wadunge."

Alizimaliza sindano zote, na saratani haikurudi. Siku aliyofika nyumbani hakuketi hata kidogo. Alininyang'anya msasa mkononi. Nilichonga kizibo kingine, akakisugua yeye, na pembe ikabaki. Shemeji alikibeba Nairobi. Dawa yenyewe yenye pembe sikusikia kama aliipata, na msasa sijaushika tena.