Mke Mwenzangu na Magitaa

Mume wangu alioa mke wa pili bila kuniambia neno. Huyo mwenzangu ni mpole, hata kuku humfukuza kwa kunong'ona. Lakini redio ikipiga roki, ile nzito ya magitaa yanayokwaruza kama bati linaloburutwa, hushika miiko miwili akatwanga sufuria, kichwa akikitupa mbele na nyuma mpaka kilemba kinaruka. Jana alinivuta mkono akaubandika kwenye spika. "Bi mkubwa, ngoja, gitaa linakuja." Likaja. Kifua kizima kikanitetemeka, nikajikuta natikisa kichwa changu chenye mvi, tunacheka kama wehu. Mume akachungulia mlangoni. "Mmepatana lini nyie?" Mwenzangu akaongeza sauti ya redio. Mume bado namdai lile neno, la kabla ya harusi.