Bado Nataka Kazi

Juzi binti yangu alinijia jikoni na daftari la Kiingereza. Alitaka kujua "still" na "yet" zina tofauti gani, maana zote zimefasiriwa "bado". Nikamwambia angoje, nikajifanya nakoroga mchuzi.

Miaka mingi nyuma nilikuwa darasa la sita, tukiishi mtaa wa Chumbageni. Jirani yetu alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kizungu. Siku zake za mapumziko alipika samaki wa kupaka kwake, ua mzima ukanukia nazi na ndimu, nasi watoto tukagawiwa mpaka tukaramba vidole. Bibi yangu alisema mkono wa mama jirani una baraka.

Siku moja zikaja habari kwamba mama mzazi wa jirani yu taabani kijijini Kigombe. Tajiri wake, yule Mzungu, alikuwa safarini, na Kiswahili chake kilikuwa cha maneno ya jikoni tu. Jirani akanijia mimi, niliyesifiwa mtaa mzima kwa Kiingereza.

"Mwanangu, niandikie. Mwambie mamangu mgonjwa, nitakawia, lakini bado nataka kazi."

Nilibabaika, ila sikutaka ajue. Nikakumbuka "bado" ni "yet", na "yet" darasani ilikuja daima na "not", nikaandika: "I do not want the work yet." Yaani, sitaki kazi kwa sasa! Nikamsomea kwa madaha. Akanibusu kwenye paji, akaenda kuiacha barua mezani kwa tajiri wake.

Jirani aliporudi baada ya wiki tatu alikuta mwanamke mwingine jikoni. "Tajiri kachoka na chakula changu," alimwambia bibi, akilia. Wiki ileile mwalimu akaandika "still" ubaoni, akasema ndiyo "bado" ya jambo linaloendelea. Nikajua nilichofanya. Nikanyamaza. Jirani hakupikia watu tena; akawa anasuka mikeka, na sisi watoto tukaacha kuitwa.

Jana nilimfuata Usagara, anakoishi na mwanawe. Macho yamefifia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote. Nilingoja anifukuze. Akauliza taratibu:

"Kwa hiyo hakukichukia chakula changu?"

"Hapana, mama. Alidhani wewe ndiye hutaki kazi."

"Basi, miaka yote hii nikidhani mkono wangu umeharibika."

Nikaishika mikono yake, imekauka, imepinda vidole. Ua wetu siku hizi ni maduka. Na ile miaka ambayo angepika kwa furaha imepita yote, mimi nikijua, nisifungue mdomo.