Moteri ya Dada na Ushuru wa Mchele

Mimi nauza mchele sokoni Kasongo, ule wa magunia unaotoka nje. Dada yangu mkubwa analima mpunga upande wa Kabambare. Kwa hiyo serikali ilipoamua kwamba ushuru mpya wa mchele wa nje utagawiwa vyama vya wakulima wa mpunga, mimi nilinuna na dada alipiga vigelegele. Gunia langu lilipanda bei. Chama chao cha wanawake kilipokea fungu lake, kikanunua mashine ya kukoboa. Iliingia kijijini vipande vipande juu ya pikipiki, maana gari lingezama njiani. Tangu hapo wakaacha kutwanga, wakawa wanauza mchele mweupe kwa wachimba dhahabu wa Salamabila.

Halafu redio ikatangaza kwamba ugawaji ule haukufuata utaratibu. Vyama virudishe vilichopokea.

Nilibaki nashika kichwa. Ushuru ule ulitoka kwetu wauzaji. Ukirudishwa, unarudi kwa nani? Kwangu? Nilijikuta sijui kama nifurahi au nimhurumie dada.

Siku ya soko dada akatokea dukani, vumbi hadi kwenye kope. Kati yake na dereva wa pikipiki kulikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwa kitenge. Ilikuwa moteri ya mashine.

"Uniwekee hii, mudogo yangu."

"Yaya, dada yangu, si ni mali ya chama?"

"Wenzangu ndio wamenituma. Leta, hiyo serikali, ikija, ikute chuma kitupu."

"Kwani mulikosea nini?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza! Wewe ndiye unasikiaka Kifaransa. Mutu anakupatia kitu mbele ya watu wote, unamushukuru, kisha anasema rudisha. Hiyo iko namna gani?"

Nilianza kumweleza mambo ya utaratibu, nikaona mwenyewe siyaelewi. Tuliificha moteri nyuma ya magunia ya mchele wa nje. Kila ofisa aliyepita kukusanya kodi ya soko nilimlipa kabla hajaniomba. Mmoja aliegemea yale magunia, akauliza bei, akaenda zake, nami nikamrudishia mteja chenji ya mtu mwingine.

Mvua za kupanda zilikuwa zimeanza niliposikia habari nyingine: wabunge wamepitisha sheria. Ushuru uliokwisha kugawiwa kabla ya sheria hiyo, serikali haina ruhusa ya kuudai tena. Nilimpigia dada simu akaja mbio.

"Basi hatukukosea?"

"Sheria haisemi hivyo, yaya. Inasema tu hawatadai."

"Kwa hiyo tulikosea, lakini wametusamehe?"

"Hilo nalo haisemi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tuliifunga moteri kwa kamba nyuma ya pikipiki, na kabla ya giza alikwishaondoka.

Baadaye kidogo alinijia mama mmoja, kiongozi wa chama cha kijiji jirani na cha dada. Wao waliposikia redio waliuza mashine yao kwa bei ya kutupa, wakachanga pesa iliyopungua, wakarudisha fungu lote. Alikuwa amesikia kwamba mimi naifahamu hiyo sheria.

"Na sisi tuliorudisha, je? Watatupatia tena?"

"Mama, nilichosikia ni kwamba inakataza kudai. Kuhusu waliokwisha kurudisha sijasikia neno."

"Lakini sisi ndio tulitii."

"Ndiyo, mama."

"Sasa waliotii wako upande gani?"

Nilimpa kiti na chai, akanywa akiangalia watu wakipita. Nilimwahidi kuuliza, na nimeuliza: mwalimu mmoja aliniambia watarudishiwa, karani wa ofisi fulani akasema haiwezekani, mwingine akaniuliza hiyo ni sheria gani. Siku hizi wanawake wa chama chake hubeba mpunga wao kichwani hadi kwa dada, ambaye huwakobolea bure. Akinipigia simu, nyuma yake nasikia moteri inanguruma, naye bado ananiuliza kama walikosea.