Bega la Kubebea

Ilianza na ubao wa dari. Nilikuwa juu ya ngazi katika nyumba mpya kule Itetemia, nyundo mkono wa kulia. Nilipoupandisha nipige msumari, mkono ukafika usawa wa macho ukagoma. Haukuuma, na hilo ndilo lililonichanganya tangu mwanzo. Mtu akiumia anajua la kufanya: anakaa chini, analalamika, mkewe anamchemshia maji. Lakini mkono usiouma na usiopanda, utaulalamikia kwa nani? Nilishuka, nikakunja vidole, nikashika randa, nguvu zote zilikuwapo. Nikapanda tena, ukagoma palepale. Mwenye nyumba alikuwa ananitazama, nikamwambia misumari ni mibovu.

Mimi ni seremala, na karakana yangu iko Mtendeni. Kitanda cha mninga naweza kukitengeneza bila kuinua mkono juu ya kichwa, ila riziki yangu hasa iko kwenye dari na mapaa. Fundi wa dari asiyeinua mkono ni kama mwadhini bubu. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu hutoka kwa umbo la hasira, kwa hiyo wiki zile nilimgombeza kila aliyenipita karibu.

Mke wangu alisema nimeulalia. Mzee mmoja wa kuchua viungo kule Chemchem alinipaka samli, akapapasa bega, akakuta kinundu kigumu juu yake na kutangaza kwamba ugonjwa ndio huo. Nikamwambia kinundu hicho ninacho tangu ujana, ni cha kubebea mbao. Akasema sawa, niendelee kuja. Jirani akataja kiharusi, basi nikawa kila asubuhi natabasamu mbele ya kioo kuangalia kama mdomo umekwenda upande. Mke wangu akauliza tabasamu hizo namwandalia nani. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa kweli, na muda wote huo niliendelea kubeba mbao zangu kama kawaida.

Kwetu mzigo hubebwa begani. Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, na baba, aliyebeba magogo ujana wake wote, huisimulia safari hiyo kana kwamba alikuwamo. Ndiye aliyenifundisha: bega la kulia, bila kata wala kitambaa, na shingo uilaze upande wa pili, mbali na mzigo, uso uwe huru. Mkokoteni, kwake, ulikuwa wa wavivu. Kinundu kilipoanza kuota begani mwangu alikibonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi, akaridhika. Sidhani kama amewahi kunisifu kwa jambo jingine.

Hatimaye mke wangu alinipeleka hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alipima mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, akanichoma ncha za vidole kwa kijiti, akasema damu inafika na vidole vinahisi. Kisha akaniambia nivue shati na nisukume ukuta kwa viganja vyote viwili. Nikasukuma. Akaomba simu yangu, akapiga picha, akanionyesha.

Nilikuwa sijawahi kuuona mgongo wangu. Upande wa kushoto ulikuwa mgongo wa mtu. Upande wa kulia, kombe la bega lilikuwa limechomoza nje, limeachana na mbavu, kama mlango uliong'oka bawaba. Nilimuuliza kama huyo ni mimi.

"Mkono wako hauna kosa," alisema. Akanieleza kwamba mkono hauwezi kupita usawa wa macho mpaka lile kombe liteleze na kugeuka juu ya mbavu. Kinacholishikilia hapo ni msuli mmoja wenye meno kama ya msumeno, unaong'ata mbavu ubavuni, chini ya kwapa. Na msuli huo unapokea amri kwa neva moja tu, ndefu na nyembamba, inayotoka shingoni, ikapita nyuma ya mtulinga na kuteremka juu ya mbavu. Akauliza nabebaje mizigo. Nikachukua ufagio wake, nikauweka begani na kulaza shingo, kwa fahari kabisa.

"Basi ndipo hapo," akasema. "Begani unaikandamiza neva, shingoni unaivuta."

Nilikasirika. Nilitaka kujua shingo inahusiana nini na nyundo. Hakubishana nami. Alisema nisiweke kitu begani tena, nisukume ukuta asubuhi na jioni, na nisubiri, pengine mwaka, pengine zaidi. Wengi hupona. Nikiendelea kubeba, huenda mkono usirudi kabisa. Niliondoka nimebeba shingo yangu kama yai, nikiwa sielewi nimwamini binti mwenye picha au ukoo mzima wa watu waliofika pwani na kurudi.

Nilikodi mkokoteni. Siku ya kwanza nilipita nao mbele ya nyumba, baba akiwa barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anatazama magurudumu, halafu akaingia ndani. Jioni akamwambia mke wangu, nami nasikia, kwamba siku hizi mbao za mafundi zinatembea zenyewe. Baada ya hapo aliniitikia salamu tu. Iliniuma kuliko nilivyotarajia kwa umri wangu. Na miezi ilipita, mkono haujapanda hata upana wa kidole, nikaanza kuwaza kwamba nimempoteza baba bila kuupata mkono.

Ijumaa kabla ya sala humsaidia baba kuoga, maana magoti yake yamechoka. Mgongo ule nimeusugua mara nyingi mno. Ijumaa moja alitaka kuinuka kwenye kigoda, akaegemeza viganja ukutani na kusukuma, na kombe lake la kulia likachomoza nje, vilevile kama kwenye picha. Bila shaka lilikuwa limechomoza mbele yangu miaka yote, ila nilijua tu kwamba huo ni mgongo wa baba. Nikakumbuka takbira yake, mkono wa kulia ukiishia chini kidogo ya wa kushoto, nasi watoto tukiiga tukidhani ndiyo heshima ya watu wazima. Nikakumbuka kila kitu cha rafu ya juu alivyokuwa akimwita mama aje akiteremshe.

"Baba, hebu inua mkono wa kulia."

Akauinua. Ukafika usawa wa macho. "Mwisho wake hapo," alisema.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla sijazaliwa. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Nimwambie nini, na hauumi? Nilijua mkono wa mbebaji ndivyo unavyokuwa."

Nilisimama na kopo la maji, sijui la kufanya nalo. Nilimweleza habari za msuli wa meno na neva ya shingoni, na jinsi kichwa kinavyoivuta kinapolazwa. Kwamba mkono wake huenda ungerudi, kama angepumzika wakati ule, nilishindwa kumwambia. Sikujua kama habari hiyo ni zawadi au tusi kwa mzee wa miaka yake, na hadi leo sijui. Nadhani aliifikia mwenyewe, maana alilitazama bega lake la kulia, kisha langu.

"Na wako utarudi?" akauliza.

"Wanasema huenda."

Nikammiminia maji ya mwisho, nikamkausha. Akasema kesho nikienda kuchukua mbao nipite na mkokoteni pale barazani, aone kama nafunga kamba sawasawa. Nikainama kumfunga kikoi. Shingo yangu ilikuwa imelala upande wa kushoto, kwa mazoea tu, bila mzigo wowote. Baba akaweka kiganja shavuni kwangu, akaisukuma taratibu mpaka ikanyooka.